Ukuta wa Chaki wa Marigny

Mwaka 2011, nilipokuwa nikiishi New Orleans, Marekani, nyumba moja ya mtaa wa Marigny ilikuwa imebaki gofu kwa miaka, nami nilikuwa nimezoea kuvuka barabara kila nilipoikaribia. Mwezi Februari msanii Candy Chang, ambaye naye aliishi jirani, aliupaka upande wake mmoja rangi nyeusi ya ubao wa shule, akachapa juu yake kwa herufi nyeupe sentensi moja iliyorudiwa mara nyingi, "Kabla sijafa nataka…", kila moja ikifuatwa na mstari mtupu, na chaki zikawekwa hapo hapo. Alikuwa amefiwa na mtu aliyekuwa kwake kama mama, na swali hilo lilitokana na msiba huo.

Kufikia siku ya pili ukuta ulikuwa umejaa. Mtu mmoja alitaka kupanda mti, mwingine kuimba mbele ya mamilioni ya watu, mwingine kumkumbatia mara moja tu tena mtu ambaye hakumtaja jina. Ulipooshwa nikapata nafasi, nikasimama muda mrefu hadi vidole vikawa vyeupe kwa vumbi, kisha nikaandika kwamba nataka kumpeleka baba yangu Makka. Mama mmoja wa makamo, mpangaji wa mtaa ule, alichukua chaki baada yangu akaandika kwamba anataka kuzeekea katika nyumba anayoishi. Aliandika polepole, akarudi nyuma hatua mbili kuyasoma maneno yake, akafuta herufi moja kwa kidole gumba na kuiandika upya.

Maneno yake ndiyo yaliyonifanya niutazame mtaa kwa jicho jingine. Kimbunga Katrina cha Agosti 2005 kilizamisha takriban asilimia 80 ya jiji, lakini Marigny, kwa kuwa iko kwenye ardhi iliyoinuka kidogo kandokando ya mto Mississippi, sehemu yake kubwa ilinusurika, na usalama huohuo ukawavuta wenye fedha. Nyumba zake za mbao, ambazo ngazi zake hushukia moja kwa moja njiani na watu huzikalia jioni kama tunavyokaa barazani kwetu Mombasa, zilianza kununuliwa, kukarabatiwa na kukodishwa kwa watalii kwa siku chache chache. Kodi za majirani nazo zikapanda.

Kwa maoni yangu, kazi ya Chang ya mwaka uliotangulia, ambayo haikupata sifa kama za ukuta, ndiyo iliyoligusa jambo hili hasa. Mwaka 2010 aligawa bure stika zenye maneno "Natamani hapa pangekuwa…", ili watu wazijaze na kuzibandika kwenye majengo matupu, nazo zilitengenezwa ziweze kubanduliwa bila kuharibu kitu. Watu waliomba duka la vyakula, waliomba bekari, yaani vitu ambavyo mtu huvitaka mahali anapotarajia kuendelea kuishi. Ukuta humuuliza mtu habari za roho yake, na pengine ndiyo sababu umeigwa mara zaidi ya 5,000 katika nchi zaidi ya 75. Stika ilimuuliza habari za kona anayoiona kila asubuhi, na jibu la swali hilo lilihitaji kusikilizwa na mwenye jengo.

Nyumba ya ukuta ule ilipata mnunuzi, ikakarabatiwa, ikawa tena makao ya watu, na hilo sina sababu ya kulilalamikia. Yule mama alipandishiwa kodi mara mbili, akahamia mashariki ya jiji. Nilikutana naye kituo cha basi miaka michache baadaye, na jambo la kwanza aliloniuliza ni kama baba alifika Makka. Nilimwambia alifika. Naye akanieleza kwamba kila Jumapili bado huja kusali katika kanisa lake la zamani, na akitoka hupita nje ya nyumba aliyokuwa amepanga kuangalia kama mlimau alioupanda uani bado haujakatwa.