Nilivyoielewa kani kwa mizani ya dagaa

Kidato cha nne nilipata F ya fizikia. Sheria tatu za Newton nilikuwa nimezikariri kwa Kiingereza neno kwa neno, hata ungeniamsha usiku ningekutajia zote, lakini ukiniuliza maana yake sina jibu. Nikaenda kumsaidia shangazi kuuza dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, na mwaka uliofuata nikajiandikisha kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea. Naandika nilivyofanya kwa sababu najua wapo wengi waliokwama palepale nilipokwama mimi.

Muda wa kusoma nilipewa na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika, mzigo unaoingia unapungua, na kibandani mtu anapata nafasi ya kufungua daftari. Siku hizo ndizo zilikuwa shule yangu.

Kwanza nilihangaika na neno. Daftarini nilikuwa naandika "nguvu" kila mahali, na nguvu kwetu ni kila kitu: nguvu ya mtu, nguvu ya umeme, nguvu ya dawa. Nikaamua kuandika "kani" peke yake kwa maana ya msukumo au mvuto wa kitu kimoja juu ya kingine. Nishati nikaiacha iwe nishati. Mtihani ni wa Kiingereza, ndiyo, lakini mimi nafikiri kwa Kiswahili, na sioni aibu kulielewa jambo kwanza kwa lugha ninayoiotea ndoto.

Kizuizi chenyewe kilikuwa kimoja. Niliamini kwamba kitu kikiwa kinakwenda, lazima kuna kani inayokipeleka, na kani ikikoma nacho kinasimama. Mkokoteni ukiuachia si unasimama? Baadaye nikasoma kwamba Aristotle naye, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, aliona hivyohivyo, na watu walimfuata kwa karne nyingi mpaka Galileo akaonyesha vingine, kisha Newton akaliweka sawa katika kitabu alichochapisha mwaka 1687. Ilinipa moyo sana kujua kwamba kosa langu lilikuwa na wenyewe wakubwa.

Aliyenifungua ni mzee mmoja wa mkokoteni anayetubebea magunia. Siku moja nilimwamkia, nikamuuliza kama hachoki kusukuma mzigo ule mpaka barabarani.

"Marahaba, binti yangu," akasema. "Kazi iko pale mwanzo. Ukishakubali kuondoka, unausindikiza tu. Na usije ukasimama mbele yake ukiwa umeshika kasi, hautakusikiliza."

Usiku ule sikulala vizuri. Unausindikiza tu! Kama kani ndiyo inayoleta mwendo, mbona mwanzo inatakiwa kubwa na njiani ndogo?

Nikamwomba shangazi mizani ndogo ya springi, ile yenye ndoano, inayoishia kilo 25. Jioni watu walipopungua, mzee akatuachia mkokoteni wenye magunia 10 ya kilo 25. Pamoja na chuma chake tulikadiria tungamo lote ni kilo 300. Sakafu pale ni ya saruji, tambarare. Nikafunga kamba kwenye mkokoteni, nikaishika mizani kwa upande wa pili na kuvuta taratibu huku mdogo wangu akisoma mshale.

Mshale ukapanda: 3, 5, 7. Mkokoteni kimya. Ulipopita 8 kidogo, magurudumu yakaanza kuzunguka, na mshale ukashuka. Nikatembea kwa mwendo uleule, bila kuharakisha wala kupunguza, na mdogo wangu akawa anarudia: "Sita, dada. Bado sita."

Kilo 6 kwenye mizani ni kani ya newtoni 60 hivi, maana dunia huvuta kila kilo kwa newtoni 9.8, na shuleni tunakubaliana kuhesabu 10. (Ukitaka kuijua newtoni 1 ilivyo, weka pakiti ya dagaa ya gramu 100 kiganjani.) Kwa hiyo nilikuwa navuta kwa newtoni 60 na mkokoteni hauongezi kasi hata kidogo. Hapo ndipo nilipoona. Newtoni zangu 60 zilikuwa zinaliwa zote na msuguano. Hesabu ya kani ilikuwa sifuri, na mkokoteni bado unakwenda. Mwendo hauhitaji kani. Kubadilisha mwendo ndiko kunakohitaji kani.

Nikataka kuijaribu na sheria ya pili, ile inayosema kani inayobaki ukiigawa kwa tungamo unapata mchapuko, yaani jinsi kasi inavyoongezeka. Nikivuta kwa 9, yaani newtoni 90, ukitoa 60 za msuguano zinabaki 30. Gawa kwa kilo 300, unapata mchapuko wa mita 0.1 kwa sekunde kwa kila sekunde. Kwa sekunde 10 kutoka kusimama, mkokoteni unatakiwa uwe umekwenda mita 5. Tukaazima futi ya fundi seremala, mdogo wangu akashika saa ya simu. Kuulazimisha mshale ukae kwenye 9 ni kazi, mkono unatetemeka. Mara ya kwanza mita 4 na nusu. Mara ya pili 5 na kidogo. Ya tatu 4 na robo tatu. Nilikaa chini pale sakafuni, machozi yakinilengalenga, kwa sababu karatasi ilikuwa imetabiri kitu na kitu kikatii.

Tangu siku ile ziwa lote likawa linanifundisha. Nahodha anazima mashine mbali kabla ya kufika gatini, na mtumbwi unakuja wenyewe. Maji yanaupunguza kidogo kidogo, si kwamba umeishiwa na kitu ndani yake. Sheria ya tatu nilikuwa nimeshailipia zamani: niliruka kutoka mtumbwini nikiwa na ndoo, mtumbwi ukakimbilia nyuma, nikaangukia majini. Miguu yangu iliusukuma mtumbwi, mtumbwi ukanisukuma mimi kwa kani ileile. Kani hizo mbili hazifutani kwa sababu kila moja iko kwenye kitu chake, moja kwa mtumbwi, nyingine kwangu. Huo mstari mmoja niliukosa miaka minne darasani.

Mada nyingine nilizipitia kwa mitihani ya nyuma, sina kubwa la kusimulia. Matokeo yalipotoka nilikuwa na C. Shangazi alinunua soda kibanda kizima, na mzee wa mkokoteni akapewa mbili.

Mdogo wangu sasa yuko kidato cha pili, na juzi kaniomba ile mizani. Anataka kupima msuguano mchangani, kule mitumbwi inapovutwa. Nimemwambia mchanga laini hauna mchezo, kilo 25 zinaweza zisitoshe, aanze na mkokoteni mtupu.