Nywele nyeupe za kidevuni: leza ilishindwa, sindano ikaweza

Nina miaka 54 na nafundisha kemia sekondari hapa Tanga. Nywele mbili tatu nyeusi chini ya kidevu nilikuwa nazo tangu usichana. Nazing'oa kwa kibano, basi. Hedhi ilipokoma zikazidi, na nyingi kati ya hizo mpya zikatoka nyeupe pe, ngumu kama uzi wa nailoni. Si malaika, vile vinyweleo vya mwilini. Malaika ni laini, mkono ukipita hausikii kitu. Hizi zinachoma kiganja. Asubuhi jua likiingia dirishani mwa darasa, kila mmoja unang'aa peke yake. Nikawa nafundisha huku nimejishika kidevu.

Nilianza na ya kwetu yote: uzi, wembe, halawa ya sukari na ndimu. Halawa inang'oa, lakini shina linabaki hai. Wiki chache zimesharudi, na nyingine zikajikunja chini ya ngozi zikawa vipele vyeusi. Vile vipele viliniuma kuliko nywele zenyewe.

Kabla ya kutoa pesa kwa mtu yeyote nilikwenda kwa daktari, na msichana yeyote anayesoma maneno haya namsihi afanye hivyo, hasa kama nywele zimeota kwa ghafla, hedhi imevurugika au sauti imekuwa nzito. Mimi nilipimwa damu ikaonekana ni umri tu.

Kisha nikaenda Dar kwa leza. Nililipia mizunguko 6 kwa mkupuo, na hakuna aliyeniinamia kidevu akatazama rangi ya nywele. Mashine ilikuwa nzuri, ile ya mawimbi ya nanomita 1064 inayofaa ngozi nyeusi kama yangu. Nyeusi zilipungua kweli. Nyeupe zilisimama palepale kama hazijaguswa. Mzunguko wa nne nikauliza, nikaambiwa wataongeza nguvu. Wakaongeza. Nilitoka na doa la kahawia taya la kulia, ukubwa wa punje ya dengu, na likakaa miezi mitano.

Niliporudi nyumbani ndipo nikakaa kitako kufikiri, na mimi ni mwalimu wa sayansi! Leza ni mwanga. Mwanga ule unanyonywa na melanini, yaani rangi iliyomo kwenye unywele, unageuka joto, na joto ndilo linaloua shina. Unywele mweupe hauna melanini. Wazungu wenye nywele za dhahabu au nyekundu wana shida hiyohiyo, kwa sababu rangi yao ni kidogo au ni ya aina nyingine, na hainyonyi mwanga wa kutosha. Ukiongeza nguvu, joto linaishia kwenye ngozi, maana rangi iko huko. Hilo ningeambiwa siku ya kwanza ningebaki na pesa yangu.

Binti ami yangu aliyeolewa Mombasa ndiye aliyenielekeza kwa mama mmoja anayefanya elektrolisisi, yaani kuua shina la unywele kwa sindano yenye umeme. Kwa sisi wa Tanga, Mombasa si safari ya kuogopa: basi la alfajiri, Horohoro, Lunga Lunga, kivuko cha Likoni. Yule mama aliwasha taa, akavaa miwani ya kukuzia, akanishika kidevu akanyamaza muda. "Hizi mwanga hauzioni, mamangu," akasema. "Hizi zataka mkono, moja moja."

Alinipa kipande cha chuma kilichofungwa kitambaa kilicholowa maji, nikishike. Hapo umeme unakamilisha njia yake. Akafungua sindano mpya mbele yangu, nyembamba karibu kama unywele wenyewe, akaitelezesha kwenye kitundu unywele unapotokea. Haitobowi ngozi, inafuata njia iliyopo. Kisha mchomo mfupi wenye moto, kama cheche ya mafuta ya kukaangia. Umeme ukigusa maji na chumvi za mwilini unazaa kostiki kidogo sana, kostiki ileile ya watengeneza sabuni, na hiyo inalila shina. Yeye anachanganya na joto ili kazi iende haraka. Akashika unywele kwa kibano ukatoka wenyewe bila kuvutwa, mwishoni una kifuko cheupe kinachoteleza. Ukigoma kutoka, anarudia. Rangi haina nafasi kabisa katika kazi hii.

Wala si jambo geni. Daktari wa macho Charles Michel wa St. Louis, Marekani, alieleza njia hii mwaka 1875, akitibu kope zinazoota kuelekea jichoni. Aliyewahi kuona mgonjwa wa trakoma, ule ugonjwa wa macho unaopindua kope kwa ndani, anajua kope moja inavyotesa.

Ugumu wake ni subira. Nywele haziko katika hatua moja. Nyingine zimelala, na shina linakufa vizuri likishikwa unywele ukiwa unakua. Nilikwenda kila baada ya wiki tatu, nusu saa kila safari, kwa miezi 14. Katikati ni marufuku kung'oa, maana sindano inahitaji unywele uiongoze. Nilikata kwa mkasi mdogo tu. Jioni ya siku hiyo kidevu kinavimba kidogo, kesho yake kuna vigaga kama punje za ufuta, usivibandue. Nilipaka utomvu wa mshubiri, nikaacha liwa na kusugua kwa wiki nzima, nikajifunika jua kwa mtandio. Mwenye ngozi inayofanya makovu ya kuvimba, au mwenye kifaa cha kuendesha moyo, aseme kabla hajalala kitandani pale.

Mara ya mwisho yule mama alihesabu zilizobaki: saba, zote kando ya taya la kushoto. Narudi mwezi ujao. Darasani nashika chaki kwa mkono mmoja na kitabu kwa mwingine.