Sungura wa masikio marefu na ndege wa gramu 4

Juni, jangwa la Sonora, Arizona. Joto limepita nyuzi 40 na sungura mkia-mweusi (Lepus californicus) hana shimo la kukimbilia. Amejilaza kwenye kibonde alichokiparua chini ya mti wa jamii ya mathenge, ametulia tuli. Jangwa hilohilo ni kwao ndege-mvumaji wa Anna (Calypte anna), mwenye gramu 4 hivi. Ndege 500 ndio wangelingana na sungura mmoja wa kilo 2.

Wengi humsifia sungura mbio. Mimi namsifia masikio. Jua likiwa nyuma yake, mishipa ya damu huonekana imetandaa kwenye ngozi nyembamba. Hewa ikiwa na ubaridi kuliko mwili, mishipa hutanuka, damu ikapoa humo. Hewa ikizidi joto la mwili, hubana, maana masikio yaleyale yangegeuka mlango wa joto kuingia.

Shida ya mvumaji ni usiku. Akiruka, moyo hupiga zaidi ya mara 1,000 kwa dakika, na akiba yake ya mafuta ni kiduchu. Basi usiku wa baridi hujizima: joto la mwili, karibu nyuzi 40, hushuka likifuata ubaridi wa nje. Kuamka huchukua dakika 20 au zaidi. (Chozi wa kwetu si ndugu yake, ingawa wote hunyonya mbochi.)

Utulivu huo ndio unaowaponza mbele ya watu wema. Kitoto cha sungura huzaliwa na manyoya, macho wazi, na mama humwacha peke yake mchana kutwa. Huja kumnyonyesha usiku. Anayemwokota na kumpa maziwa ya ng'ombe humharisha, na wengi hufa. Mvumaji naye akikutwa alfajiri ananing'inia kichwa chini, mwacheni hapohapo, bado yu hai.

Wanaotundika chupa ya chakula cha mvumaji wachanganye kikombe 1 cha sukari nyeupe na vikombe 4 vya maji, bila rangi. Asali huotesha kuvu; sukari ya kahawia ina madini ya chuma yanayomdhuru. Kwenye joto kama hili maji hayo huchacha upesi: yamwagwe kila siku au baada ya siku mbili, chupa isuguliwe kwa brashi hadi kwenye matundu anayopitishia ulimi.