Nilivyowachokoza wazee kwa mkaa mpaka wakasimulia kilimo cha ngoro

Ukuta wa ghala letu la kahawa, huku milimani Mbinga, mkoani Ruvuma, sasa umejaa michoro ya ngoro, kilimo chetu cha mashimo na matuta, kutoka kona hadi kona, na kila mchoro uliopo pale umepitishwa na bibi zetu. Najivunia kweli. Maana wapo walioniambia haiwezekani kuwafanya wazee wasimulie kilimo hicho mpaka tupate mradi, dodoso na mtaalamu wa kuwahoji.

Ushauri huo ulitupotezea muda. Tuliwakalisha wazee ofisini, simu mezani inarekodi, kijana anasoma maswali. Wakajibu kama wako mbele ya mkuu wa wilaya: "Zamani tulilima vizuri, vijana wa sasa hawapendi jembe." Wakanywa soda, wakaondoka. Mtu aliyechimba ngoro maisha yake yote umweke kwenye kiti akueleze shimo kwa mdomo? Mikono yake ndiyo inayojua.

Basi nikaamua kuwachokoza. Siku ya gulio nilichukua mkaa nikachora ukutani pale, makusudi kinyume: mwanamume anachimba mashimo, mwanamke anafyeka, nyasi zimelala juu ya udongo. Nikasogea pembeni, nikawa kama nanoa kipande cha mkaa. Haikuchukua muda. Mama mmoja mwenye beseni la maharage kichwani alisimama, akamwita mwenzake: "Hebu njoo uone maajabu huku!"

"Shikamoo mama," nikamwambia, "kwani kuna kasoro?"

Akatua beseni. Akaokota kijiti, akainama, akachora miraba kwenye vumbi. "Mwanamume anafyeka, anapanga nyasi ziwe miraba hivi. Kazi yake imeishia hapo. Shimo ni letu sisi. Unachimba katikati, udongo unautupia juu ya nyasi pande zote nne mpaka zifunikwe. Zinaozea humo humo, ndiyo mbolea yako." Akachimba kwa kisigino katikati ya mraba, akausukuma udongo kwa mguu hadi ukingoni, na kwa mara ya kwanza niliona vijana waliozaliwa hapa hapa wakielewa tuta la ngoro linatoka wapi.

Babu mmoja akadakia kwamba mvua ikipiga, maji yanatuama mle shimoni badala ya kuteremka na udongo mpaka mtoni. Ndiyo maana miteremko yetu, mikali vile, imelimwa vizazi na vizazi na bado inalimika. Bibi mwingine akasimulia alivyoolewa, mama mkwe wake akamrudisha shambani jioni kufukia upya tuta lililoacha nyasi nje. Wakabishana kuhusu maharage ya Machi, kama yafukiwe na udongo mwembamba au mzito. Mahindi hawakubishania: yanaingia kwenye matuta hayo hayo mvua za mwisho wa mwaka zikianza. Binti wa darasa la sita alikuwa amekaa juu ya gunia anaandika yote kwenye daftari.

Gulio lililofuata walinikuta nimeshafuta kwa kitambaa cha maji na kuchora upya walivyosema. Wakaja wengi zaidi, na hao nao wakarekebisha. Mkaa ni mzuri kwa hilo, rangi isingetuvumilia.

Rangi yenyewe haikutusumbua sana. Ukuta tuliupiga chokaa kwanza, kisha tukatumia rangi za maji, na wekundu wa udongo tuliutoa kwenye udongo wenyewe, uliochekechwa kwa chandarua. Chini, sehemu inayorushiwa matope na mvua, tuliweka rangi ya mafuta hadi usawa wa goti. Julai huku ni ukungu na baridi, hivyo usiguse brashi kabla ya saa nne asubuhi. Fedha ilitoka kwenye michango ya wakulima, laki moja na kitu, ukiacha chai na mihogo ya wachoraji.

Jioni watoto wanakuja pale, na mzee yeyote anayepita anaanza kuwasimulia kwa mchoro anaoutaka. Hakuna ratiba. Wakati mwingine habari ya mchoro mmoja wa jembe inakula saa nzima.

Kijiji cha jirani wameshaniita. Nimewaambia wasinitafutie wazee wa kuhoji, wanitafutie ukuta ulio kando ya njia ya kutoka shambani, na mkaa wa kutosha.