Zaidi, kwa kipimo gani?

Kazi yangu ni kutafsiri vipeperushi vya kilimo, na kuna maneno mawili ya Kiingereza yanayonichelewesha kila yanapotokea: "more productive". Safari hii ilikuwa mbegu ya mahindi. Zaidi kwa ekari? Kwa mfuko wa mbolea? Mwaka wa mvua haba je? Nikampigia mwenye kazi. "Dada, wewe andika tu yenye tija zaidi, wataelewa."

Wataelewa nini? Mkulima atauliza ekari inatoa gunia ngapi.

Asili ya "productive" ni Kilatini: pro, mbele, na ducere, kuongoza. Kitu kilikuwa ndani, kikaongozwa kwenda nje. Sisi tunasema kuzalisha, kazi ya mkunga hasa, kabla ya viwanda na umeme kuliazima neno. Hata tija inatokana na natija ya Kiarabu, na mzizi wake ulihusu mifugo: ngamia anazaa, mtu yuko pembeni anamsaidia. Kuzalisha na tija, yote mawili yalianzia kwenye uzazi.

Halafu wakaja wachumi. Ufaransa, karne ya 18, François Quesnay, ambaye alikuwa daktari, alidai kwamba tabaka linalozalisha ni la wakulima tu. Mafundi na wafanyabiashara aliwaita tasa! Mwaka 1776 Adam Smith wa Scotland akawasamehe mafundi, lakini akawaacha nje watumishi wa nyumbani, mapadri, wanasheria, madaktari na waimbaji. Hoja yake ni kwamba kazi yao hupotea papo hapo inapofanyika, haibaki kitu cha kuuza. Mfalme na jeshi lake lote akawatia humo humo, na hapo nilimpenda kidogo.

Kwa hesabu hiyo mkunga naye hazalishi. Mwambie hivyo mwanamke aliyetoka leba.

Siku hizi neno hilo wanabandikwa watu, na wanabandikwa kwa kulinganishwa: fulani ana tija kuliko fulani. Kwa saa? Kwa mshahara? Kiwanda kinaweza kuhesabu pini. Mwalimu wa darasa la kwanza utamhesabia nini?

Kipeperushi nilikirudisha na nafasi tupu: "Mbegu hii hutoa gunia ____ kwa ekari, ikiwekewa mbolea mifuko ____." Mwenye kazi bado hajajaza.