Hakuna Kidonda

"Mama, kwani wewe hujapona?"

Kitindamimba wangu huyo, juzi, tuko kwa bibi yake, ameona kisufuria kimetengwa pembeni: nyama ya kuchemsha, haina pilipili wala ndimu. Chakula cha mgonjwa wa vidonda vya tumbo. Nikamwambia ale, anyamaze.

Mgongo wangu ni wa kuuma, habari za siku nyingi. Kwa ajili ya mgongo huo nilikuwa nameza diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kila ulipobana, na chembe cha moyo kikaanza kuungua, hasa alfajiri. Hapo kila mtu akawa mganga: juisi ya kabichi, unga wa mlonge, maziwa baridi. Maziwa yalinituliza kidogo tu, kisha moto ukarudi. Kumbe nayo huliamsha tumbo litoe asidi. Kidonda chenyewe hakuna aliyekiona, lakini cheo nilishapewa. Harusini natengewa sahani. Kazini nikinuna, wanasema mwacheni, vidonda hivyo.

Mwisho nikapelekwa kumeza kamera, ule mpira mrefu wa kuchungulia tumbo.

Wakanipulizia ganzi kooni, chungu, mate nikashindwa kuyameza. Nikalazwa ubavu wa kushoto, nikang'atishwa kidude cha plastiki chenye tundu, mkanda wake ukafungwa kisogoni. Daktari, kijana mpole, akasema, "Mama, ukiusikia kooni, meza kama unameza tonge." Tonge gani hilo! Mpira mweusi unapita, machozi yananitoka, makamasi nayo, muuguzi kanishika bega: "Pumua dada, hivyo hivyo." Hewa ikajazwa tumboni, nikabeua mbele za watu wazima bila haya.

Ndipo kwa pembe ya jicho nikaiona skrini. Tumbo langu. Nilitegemea shimo. Nikaona ukuta wa waridi, mikunjo mikunjo, unang'aa kwa ute. Halafu kule chini, karibu na njia ya kutokea, wekundu wa madoa madoa, kama shavu la mtoto lililoshambuliwa na mbu. Kikoleo kidogo kikachomoza kwenye ncha ya mpira, kikauma palepale penye wekundu, kikanyofoa kipande. Damu ikachuruzika kidogo. Sikusikia kitu. Mpaka leo sijaelewa vizuri: pahali palipokuwa pakiniliza usiku, paliponyofolewa nilikuwa nawaza mate yangu tu.

"Hakuna kidonda," daktari akasema. Utando wa ndani ya tumbo ndio uliovimba. Diklofenaki, akanieleza, inazuia kemikali zinazolifanya tumbo lijipake ute wa kujikinga na asidi yake lenyewe. Na nisidhani sindano ingeniokoa, maana dawa hiyo hulifikia tumbo hata kwa njia ya damu. Kile kipande nacho kikaonyesha bakteria, Helicobacter pylori. Kuna daktari wa Australia, Barry Marshall, aliyekunywa mchuzi wa bakteria hao makusudi mwaka 1984, athibitishe kuwa ndio wanaoudhuru utando wa tumbo. Alipopigwa kamera, naye alikutwa na uvimbe kama wangu, hakuna kidonda. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Mimi nilipewa antibayotiki za aina mbili na kidonge cha kupunguza asidi, siku 14, mdomo mzima ladha ya chuma.

Nilipompelekea mama mkwe habari njema, alinitazama kwa huruma. "Hawa madaktari watoto, mwanangu, hawajakiona tu." Sikubishana. Nitakuwa mwongo nikisema sikuona uchungu kidogo kuvuliwa cheo.

Bakteria huyo huambukizana ndani ya nyumba. Mume wangu, tunayekula naye sinia moja, hajapima mpaka leo. Anasema tumbo lake halina neno. Na kweli, wengi walio naye hawaumwi chochote maisha yao yote, kwa hiyo kila tukifika hapo ananishinda.