Jinsi nilivyokomesha madai ya paclitaxel kurudishwa

Miezi mitatu mfululizo bima ilirudisha madai yetu ya paclitaxel, dawa ya saratani: kiasi hakilingani. Iliniuma, maana wagonjwa dawa walishapewa.

Jioni moja nikakaa na faili la mama mmoja. Eneo la uso wa mwili wake ni mita za mraba 1.6, dozi, miligramu 175 kwa kila mita ya mraba. Jumla 280. Sisi tulifungua vichupa vitatu vya miligramu 100, tukadai 300. Zile 20 zilizotupwa hazikuandikwa popote!

Sasa fomu ina mstari wa kilichotumika, mwingine wa kilichotupwa, na saini mbili. Wagonjwa wa paclitaxel tunawapangia siku moja pia, ili mabaki, yakivutwa kwa sindano ndani ya kabati salama la kuandalia dawa, yamfae anayefuata. Madai ya mwezi uliofuata yalilipwa yote.